Mfupa Husikia

Daktari Ximena aligonga jino la mume wangu
kwa kijichuma, kama mtu anayebisha hodi
kwenye nyumba asiyojua kama ina wenyewe.

Tulimpeleka mtoto, si yeye.
Wara, miaka kumi na miwili, chonge zimepandiana,
akicheka anaweka kiganja mdomoni
kama anayezuia nzi.
Alikaa kwenye kile kiti, akabana midomo, akatoa sharti:
"Baba kwanza."

Na Eleuterio, aliyepuliza tarumbeta
katika mitaa ya Oruro miaka ishirini na saba,
asiyeshindwa na milima wala mvua ya mawe,
akaishiwa pumzi.

Samaki mkunje angali mbichi, nilimwambia daktari;
huyu wangu ana arubaini na sita, amekwisha kauka.
Akatuonyesha picha ya taya, nyeupe juu ya nyeusi.
Mfupa haukauki, alisema.
Ukiusukuma polepole, husikia.
Ila wa mtu mzima huchelewa kuitika.

Basi nyumba yangu ikaingia waya.
Raba za zambarau kwa mtoto,
za kijani kwa baba, rangi ya bendi yake.
Usiku wa kwanza walikaa mezani kama wafiwa,
supu ya karanga mbele yao, mkate wote wangu.
Mimi nilizaliwa na meno yaliyonyooka, sikuyatolea jasho.
Nilitafuna kwa aibu, upande mmoja, kimyakimya.

Kila mwezi nilihesabu noti za sufi niliyouza sokoni,
na kila mwezi walirudi wameshikana mikono,
wamekazwa, hawasemi,
wakigawana kipande cha nta
kama wavuta tumbaku wanavyogawana kiberiti.

Tarumbeta haikupenda.
Alijaribu mara moja, uani. Midomo ikasagwa
kati ya shaba na chuma. Akatema damu,
akaifuta, akailaza kwenye sanduku lake.
Karnivali ile akapewa matoazi, nyuma kabisa,
pamoja na wavulana ambao bado hawajaanza kunyoa.

Nilimwona akipita.
Alikuwa akicheka, mdomo wazi, chuma chote nje,
macho yakimsaka Wara katika umati.
Wara alimwona. Akacheka naye,
na kile kiganja kilikuwa mfukoni.

Mtoto alimaliza kwa miezi kumi na tisa.
Baba, thelathini na mmoja.
Sasa bafuni kuna vikombe viwili,
kila kimoja na kifaa chake cha kulalia,
maana meno, asema Ximena, hayasahau kwao.
Ukiyaachia, yatarudi.

Jana usiku aliitoa tarumbeta.
Sauti ilitoka safi, nyembamba, ya mtu mwingine.
Ule mkwaruzo wake wa zamani
ulikuwa ukipita katika upenyo wa meno mawili,
upenyo ambao tulilipa, kwa awamu, uzibwe.
Aliitazama shaba. Akanitazama mimi
niliyeolewa na mkwaruzo ule.

"Utarudi," nikasema.
"Haurudi," akasema, bila huzuni,
akapuliza tena, polepole,
kama anayesukuma mfupa,

mpaka Wara akapaza sauti kutoka chumbani,
kifaa mdomoni:
"Baba, thatha bathi!
Thaa tano uthiku!"