Taa Isiyo na Sura

Numisio alikuja dukani kwangu asubuhi ya gulio,
viatu vyake bado vina vumbi la ngano
ingawa ni mwaka wa sita tangu aache kupima nafaka bandarini.
"Herenia," akasema, "nipe taa.
Lakini iwe ya mungu wetu. Wa hapa hapa Ostia, au Roma.
Nimechoshwa na vichwa vya mbwa."

Mimi mfinyanzi.
Sibishani na mwenye fedha kabla hajaitoa.

Nikamshushia Apolo na kinubi chake.
"Mgiriki huyu. Hata nywele zake za Kigiriki."
Nikamshushia Minerva. Akamgeuzageuza,
kisha akakumbuka bibi yake, Mwetruria wa Kaere,
aliyemwita kwa jina jingine, lenye mkwaruzo kooni,
na akamrudisha rafuni polepole, kama arudishaye deni.

"Juno?"
"Huyo tulimwita kutoka Vei,
mji wake ukiwa umezingirwa.
Askari walisimama mbele yake, wakamuuliza kwa adabu:
Mama, utakuja kwetu?
Wanasema sanamu ilitikisa kichwa."
"Hiyo si ndoa," akanung'unika, "ni utekaji."
"Ndoa ngapi za Roma zilianza vingine?"

Eskulapio alikuja nyoka, amejiviringisha chomboni,
mwaka ambao tauni ilimaliza mitaa.
Mgeni njoo, mwenyeji apone: ndivyo tulivyomlaki.
Siku ya tatu tukampa jembe,
tukamweka kisiwani katikati ya Tiberi
awauguze watumwa waliotupwa na mabwana zao.

Na Mama Mkuu wa Frigia, jiwe jeusi,
mabibi wa vyeo walilipokezana mikononi kama kichanga.
Kisha makuhani wake wakashuka barabarani na matari,
damu ikiwachuruzika viganjani,
na waheshimiwa wakakaa, wakakohoa, wakaamua:
mungu abaki,
ngoma yake Mrumi asiicheze.

"Jupita, basi!" Akapiga meza, vifuniko vikaruka.
"Wa kilimani! Yeye naye wa wapi?"
Nikamwambia sanamu yake ya kwanza
ilifinyangwa na fundi wa Vei, ikapakwa rangi nyekundu.
Sisi wafinyanzi hatusahau
nani alichafua mikono na nani akasifiwa.

Akakaa kwenye gunia la udongo.
"Vesta," akasema, karibu kwa kuomba.

Vesta hana sura.
Nikainama rafu ya chini, nikamtolea taa tupu,
duara laini, haina hata jani la mzeituni.
"Hii ndiyo yake. Moto wake usiniulize ulikotoka.
Wazee husema ulibebwa na wakimbizi,
mji wao ukiungua nyuma yao."

Akalipa. Nikamjazia mafuta.
Yalikuwa ya Hispania. Sikumwambia.

Usiku akagonga mlango wa uani.
Mjukuu wake, Vibula, homa siku ya tatu,
midomo imepasuka, anaongea na watu wasiokuwepo.
"Taa yako inawaka vizuri," akasema.
"Lakini mtoto anaitazama, na hakuna wa kumtazama yeye.
Nipe yule wa Misri. Anayenyonyesha."

Sikucheka. Nikamfunga Isisi kwenye majani makavu.
"Anasalimiwaje? Kwa lugha gani?"
"Kilatini chako kitatosha.
Ameshazoea lafudhi za kila bandari."

Akafika mlangoni, akasimama, mgongo kwangu.
"Na yule mwenye kichwa cha mbwa. Kazi yake nini?"
"Huwasindikiza watu."
"Kwenda, au kurudi?"

Udongo ulikuwa umenikaukia kwenye kucha.
"Kurudi," nikasema,
ingawa Mmisri aliyeniuzia kalibu
hakuniambia hivyo.

"Basi," akasema Numisio, "nifungie wote wawili."