Usisugue Hapo

Santuri ilishuka Chikongola ndani ya gunia la korosho,
pembe imetenganishwa, imefungwa khanga mbili,
na nyuma yake Bi Somoe Nampota wa Kitangari
akihesabu vipande
kama anayepokea watoto watokao jandoni.

"Ing'arishe," akasema. "Nataka nijione.
Mjukuu wangu anaolewa msimu ukifunga,
na watu wa Masasi wana macho."

Nikamtajia bei. Akacheka. Nikapunguza.

Nyie mnaopenda mng'aro, sikieni:
hiki si chuma, wala si fedha.
Ni shaba ya njano iliyochovywa nikeli,
ngozi nyembamba kuliko ganda la kitunguu,
na ukungu wa Newala umeilamba miaka sitini.
Ukileta msasa, umeibandua.
Ukipaka limau ukaenda kuswali,
unarudi unakuta madoa ya waridi.
Dawa ya meno ina mchanga: adui anayenukia.
Mwanafunzi wangu Chilumba, kijana wa mbio,
aliwahi kusugua hendeli ya watu kwa stiluwaya,
ikatoka njano kama meno ya mvuta tumbaku.
Nililipa mimi. Kwa redio yangu.

Basi: maji vuguvugu, kipande cha sabuni,
mswaki wa mtoto.
Tone la mafuta ya taa kwenye kila skrubu,
ulale, uiache nayo ilale.
Asubuhi chaki ya shule, isagwe,
ichekechwe kwenye leso,
kisha pamba, njia moja, usizunguke,
kwa uzito wa nzi.

Siku ya tatu mkono wa sauti ulianza kunitazama.
Niliona pua yangu, pana kuliko nilivyoambiwa.
Niliona dirisha, na Chilumba akisinzia dirishani.
Kisha, karibu na kichwa kinachobeba sindano,
doa la njano, upana wa kidole gumba.

Kutu haina umbo hilo.
Hapo nikeli imekwisha kwa kushikwa,
kushikwa, kushikwa,
mtu akiinua sauti, mtu akiilaza.
Nikajaribu kidole cha kulia: kikakataa.
Nikajaribu cha kushoto:
kikaingia kama mguu kwenye ndala yake.

"Marehemu alikuwa wa shoto?" nikamuuliza Bi Somoe.
"Abadan. Kulia. Hata kuapa."
"Wewe je?"
"Mimi? Nani aliruhusiwa kuigusa?"

Akakaa juu ya debe.
Nje, muuza maji alipita na baiskeli,
akarudi tena, hakuna aliyemwita.

"Binti Lipande," akasema. "Mke mwenzangu.
Yule alikuwa wa shoto, hata mwiko.
Miaka kumi na tisa tulipakana ukuta,
moto hatukuombana.
Bwana akiniaga anakwenda mnadani Nachingwea,
usiku nikisikia santuri, chini chini, upande wa pili,
nikisema: muongo, yupo pale, anamchezea.
Nililala na wivu kama na jiwe tumboni.
Akirudi na vumbi lake la safari
nikidhani amejipaka."

Akanyamaza. Mimi nikashika pamba,
maana fundi asiye na la kusema
lazima awe na cha kushika.

"Kumbe alikuwa peke yake," akasema.
"Ukuta mmoja. Ningegonga tu."

Akaweka kidole chake pale.
Kwanza cha kulia. Kisha akabadilisha.
Akakiacha kwa muda
ambao santuri moja ingefika mwisho
na sindano ikaanza kukwaruza bure.

"Pembe ing'arishe," akasema.
"Hendeli, ing'arishe. Bawaba, zote.
Hapo usisugue."

Akajifunga khanga, akafika mlangoni, akageuka:
"Na bei uipunguze tena, fundi.
Kuna mahali hujamaliza."