Balbu Moja Nimeiacha

Hapa Kemijärvi, mwezi wa Januari,
jua huchungulia kama mdaiwa aliyesikia hodi,
kisha hurudi ndani.
Mimi nasambaza magazeti. Saa kumi alfajiri
nawasha gari la marehemu mjomba Tauno,
baridi imefika ishirini na saba chini ya sifuri,
na dashibodi inanitazama kwa jicho moja.

Kwanza ilizimika saa.
Ikafuata nusu ya spidomita.
Hadi sitini nilijua mwendo wangu;
kupita hapo, ni imani.

Eelis ana miaka kumi na mitano
na jibu la kila swali.
"Mama, weka LED."
Zikaja kwa posta, kumi, ndogo kama meno ya mtoto.

Gerejini chuma kinang'ata vidole,
basi tukaibeba dashibodi kama sinia
tukaiweka mezani jikoni,
kati ya siagi na chembe za mkate mweusi,
waya zake zikining'inia kama mizizi ya kitu kilichong'olewa.
Soketi unaizungusha robo tu, kushoto, inatoka.
Balbu za kale zilikuwa na moshi tumboni,
na kila moja imevaa kofia ya mpira ya kijani
iliyokauka, ikapukutika nilipoigusa.

Balbu ya kale haichagui. Umeme uingie
mlango wa mbele au wa uani, itawaka.
LED ina upande wake.
Ukiikosea, inakununia tu,
haiungui, haitoi hata cheche ya lawama.
Tatu tulizikosea. Eelis akazigeuza akicheka,
na jikoni pakawa peupe
kama wodini.

Niliona mengi usiku ule wa kwanza.
Tarakimu zote hadi mia na themanini, ambazo gari hili
halitazifikia hata likisukumwa mlimani.
Vumbi la miaka arobaini. Ufa.
Nywele moja ya mvi, ndani ya kioo,
na kichwa chenye nywele kama hizo tulikizika Agosti.
Kitasa cha kupunguza mwanga nikakizungusha
kulia, kushoto: hakina tena kazi.
Namba zilielea kwenye kioo cha mbele, juu ya misonobari,
na kulungu wa theluji akapita katikati ya arobaini na hamsini
nisimwone hadi alipokuwa mita nne.

Kesho yake nikakata jalada la plastiki la kijani,
la hesabu za Eelis,
nikalipachika nyuma ya namba.
Alinuna. Mimi nikaona njia.

Siku ya tatu, sanduku la barua la thelathini na moja,
gari likakohoa, likanyamaza. Betri, kavu.
Nikampigia Sirkka wa gereji, akiwa bado kitandani.
"Taa ya betri nayo umeibadilisha?"
Nimebadilisha zote.
Akacheka hadi akakohoa kama gari.
"Ile si taa tu, Raili. Umeme unaopita humo
ndio unaoigongea altaneta iamke.
LED yako ni bahili, haipitishi wa kutosha.
Rudisha ile ya zamani."

Nilipinda mgongo juu ya ndoo ya taka,
mkono kwenye machicha ya kahawa na maganda ya viazi,
nikachambua maiti tisa
nikaipata iliyo hai.
Nikaipangusa kwa pindo la gauni la kulalia.

Sasa ziko tisa nyeupe, chini ya ukijani wa kuazima,
na pembeni, chini, moja ya Tauno.
Eelis anasema inaharibu mpangilio.
Kweli, inaharibu.

Saa kumi. Nageuza ufunguo.
Inawaka nyekundu, hafifu, kama mtu
aliyeamshwa akasema niko macho, niko macho.
Injini inashika.
Inazimika.

Magazeti mia moja na arobaini. Twende.