Kisanduku cha Kumi na Moja

Fomu ina visanduku ishirini na vitatu.
Kumi vya kwanza nimevijaza bila kuinua kalamu:
Verlyn Aasgaard, mzaliwa wa hapa hapa Wisconsin,
miaka hamsini na sita, mgane,
kazi (nikaandika, nikafuta, nikaandika tena)
fundi wa mashine ya karatasi, kiwanda kimefungwa.
Cha kumi na moja kinauliza:
ulimaliza sekondari mwaka gani?

Kalamu ikagoma.

Nje theluji inashuka kama lile vumbi jeupe
tulilokuwa tukilifagia chini ya visu vya kukatia,
kila zamu, na kila zamu lipo.

Sikumaliza. Novemba ya darasa la kumi na moja
baba alivunjika nyonga zizini,
na ng'ombe arobaini hawajui likizo ya ugonjwa.
Nilisema nitarudi baada ya Krismasi.
Sikutaja Krismasi ipi.

Kiti cha pili ameketi binti,
koti la kijani, kamba ya kiatu kimoja imefunguka.
Pakou Xiong: jina nimelisoma kwa jicho la pembeni
kama nilivyokuwa nikiiba majibu zamani.
Ana miaka kumi na sita, bado mwanafunzi wa sekondari;
anataka asubuhi aje hapa kujifunza kuchomelea vyuma,
mchana arudi kwenye kemia na historia,
masomo yahesabiwe kule na huku.
Fomu yake imekwama mwishoni kabisa:
saini ya mzazi.

Mimi nimechelewa, yeye kawahi,
na benchi ni lile lile.

Bi. Radtke wa dirisha la usajili
ana plasta kidoleni, na sauti ya mtu
aliyelisema jambo mara elfu na hajalichoka:
"Hicho kiache wazi. Kuna mlango wa pembeni.
Unafanya mtihani wa kupima, kusoma na hesabu.
Ukipungukiwa, wiki nane za matayarisho, jioni, bila ada.
Cheti cha sekondari utakifuata huku ukisoma ufundi.
Hakuna atakayekurudisha darasani na watoto."
Nikamtazama mtoto. Mtoto akanitazama.

Samaki mkunje angali mbichi.
Haya. Na huyu aliyekwisha kukauka?
Muulize mpishi yeyote:
humvunji. Unamloweka usiku kucha,
asubuhi anapinda.

Chumba cha mtihani kina kompyuta sita
na saa ya ukutani isiyosema kweli.
Swali la tisa: robo tatu, toa tano juu ya nane.
Miaka thelathini na nne nimepima karatasi
nyembamba hata unywele ni gogo kando yake,
lakini namba zile kwenye kioo zilinikodolea
kama mameneja siku ile ya mwisho,
zimepigwa pasi, hazisemi neno.
Nikafumba macho. Nikaiona rula ya chuma,
vialama baina ya inchi na inchi,
kidole gumba kikaanza kutembea:
sita juu ya nane, rudi tano.
Moja juu ya nane.
Kidole kilijua. Kichwa ndicho kilichoacha shule.

Kwenye korido Pakou anaongea Kihmong na simu.
Nashika neno moja tu: jina la kiwanda.
"Mama," ananiambia. "Alikuwa zamu ya usiku, kufungasha.
Anasema vyuma ni kazi ya watu walioharibika mikono.
Anataka niwe muuguzi."
Nikamwonyesha mkono wangu wa kulia, mzima, safi.
Wa kushoto nikauacha mfukoni.

Alhamisi barua imefika: hesabu, alama nne pungufu.
Jumatatu na Jumatano, saa kumi na mbili jioni.
Basi, nilowekwe.

Nimeipeleka fomu mwenyewe dirishani.
Juu ya rundo la Bi. Radtke, ya kwanza kabisa,
saini ya mzazi kwa herufi za mtu asiyeandika mara nyingi,
imekandamizwa mpaka inasomeka upande wa pili.
Nikaigusa ukingoni kwa vidole viwili, mazoea ya kazi.
Gramu themanini. Haikutoka kwetu.
Wino umeshika vizuri.