Elekeza Pua

Daktari wa macho aliniandikia namba kwenye karatasi
ndogo kama tiketi ya basi la Tukuyu.
Kusoma, ongeza mbili na robo.
"Mwalimu, tafuta lenzi moja yenye vyumba vitatu:
juu wanakwaya, katikati kinanda, chini noti."
Miaka mitano nilikuwa na miwani jozi mbili,
moja usoni, moja mfukoni,
navua, navaa, navua,
kama mlinzi wa geti lisilopumzika.

Nikaanzia Uhindini.
Tumpale akanikalisha kwenye kiti kinachozunguka,
akapima umbali wa mboni kwa kamera:
sitini na tatu, jicho la kushoto limesogea kidogo.
(Miaka hamsini na sita sikujua.)
"Ukanda wetu wa kuonea ni mpana,
hata malori ya Tunduma yanapishana."
Laki nne na themanini. Kizuia mng'ao, bei yake mbali.
Nikamwambia nakwenda kunywa chai kwanza.

Mwanjelwa, nyuma ya wauza mitumba,
Sanga alinipima kwa rula ya shule.
"Usitikisike, mzee."
Akatia nukta kwenye kioo kwa kalamu ya wino mzito.
Laki na arobaini, kikasha juu yake.
"Ukanda wangu mwembamba," akakiri, wala sikumwuliza.
"Njia ya kisimani. Ukichepuka, unakanyaga ukungu.
Ukitaka kuona kitu, elekeza pua."

Rahisi ghali, nalijua hilo.
Nikaazima za shemeji yangu Gwakisa, za Uhindini,
namba zetu zinakaribiana,
nikaenda nazo mazoezini.
Nikaona vyote bila kugeuza shingo:
alto, besi, noti, saa ya ukutani.
Wakaimba kama siku zote,
yaani wakachelewa kuingia ubeti wa pili.

Basi nikanunua za Sanga. Mfuko ndio ulioamua.
Siku ya kwanza ngazi za kanisa ziliinuka kunilaki,
nikapanda kidato kisichokuwepo,
sauti ya kwanza wote wakacheka.
Pembeni kuliyumba kama maji ndani ya ndoo.
Ili nimwone Subilaga kule dirishani
ilinibidi nigeuze kichwa kizima, kama kuku.

Na Subilaga,
aliyeimbia ukuta miaka tisa,
akaona uso mzima wa mtu unamjia.
Akavuta pumzi mapema.
Nikageukia besi; mzee Anyosisye akafumbua macho.
Nikashuka kwenye noti, nikapanda, nikamtafuta mmoja mmoja,
na kila niliyemfikia alikuwa tayari ananingoja.

Ubeti wa pili waliingia pamoja.
Nikasahau kupiga mkono.

Sasa mvua za Mbeya zimeanza,
miwani inashika mvuke nikiingia tu mlangoni,
na lenzi za Sanga zimeanza kuchunika ukingoni.
Tumpale amepiga simu: kuna punguzo, mpaka mwisho wa mwezi.
Nimemwambia nitafikiria.
Jumatano tuna mazoezi.