Imerudi, Imerudishwa

Ubaoni niliandika kwa rangi iliyobaki ya mlango:
KANDA IRUDI IKIWA IMERUDISHWA.
Watu wakacheka, dada huyu kasema mara mbili.
Hawakujua kuna kurudi dukani
na kuna kurudi mwanzo,
na faini ya hili la pili ni shilingi mia.

Ndiyo maana sinema nyingi nazijua kinyumenyume.
Chipojola hakurudisha mwanzo hata moja.
Natia kanda yake dekini, nabonyeza,
maiti wanainuka mmoja mmoja,
damu inatoka shatini inaingia kifuani,
jambazi anairejesha benki fedha yote, kwa mgongo,
bibi harusi anavuliwa pete, anakuwa hamjui mtu.
Mia yake sikuidai. Nilikuwa naangalia bure.

Msimu wa korosho Newala nasi tulikuwa watu.
Malipo ya kwanza yakitoka chamani
foleni inafika kwa fundi baiskeli.
Vidole vimebabuka kwa mafuta ya maganda,
vinachagua kwa picha ya jalada:
"Nipe ya yule mwenye misuli."
"Wote wana misuli, bwana."
Ndoo ya maji ilikaribia bei ya kanda,
na wapo walioondoka na kanda.

Mzee Likungwa alichukua ya mateke, siku mbili.
Binti yake alikuwa anatoka unyagoni,
mpiga picha kaja na kamera kutoka Masasi,
kanda kasahau.
Wakakiziba kile kitundu cha ulinzi kwa karatasi ya sigara
wakarekodi juu ya yangu.

Iliporudi (haikurudishwa, ulitegemea nini?)
nikaitazama toka mwanzo.
Teke linapanda, linapanda,
na kabla halijafika shavuni picha inakatika:
ua, vumbi, vigelegele,
mwali Asumini kainamisha uso ndani ya kanga mpya,
na mama yake, Bi Nambuta, anacheza
kama anayekanyaga moto alioukoka mwenyewe.
Dakika kumi na tisa.
Kisha teke likafika.

Nilimtoza faini ya kuharibu mali,
akalipa kwa korosho zilizobanguliwa.
Na hakuna kanda iliyoazimwa kama ile.
"Ipo ile ya teke na Bi Nambuta?"
"Iko Luchingu, njoo Ijumaa."

Halafu zikaja sidii. Sasa zinaning'inia
kwenye mtama wa shemeji yangu, zinatisha ndege.
Halafu kijana mmoja na kompyuta yake,
muvi ishirini kwa buku, lete flashi.
Halafu hata yeye akafunga.
Kaunta ni ile ile, mimi ni wakala wa pesa,
natoa, naweka, nauza vocha,
na hakuna mtu anayerudisha kitu.

Juni Asumini akashuka kutoka Nachingwea.
Mama yake tulimzika mwaka juzi.
Hakukaa hata kwenye kiti. "Dada, ile kanda."

Newala ina ukungu wa namna mbili:
huu unaopanda asubuhi kutoka bondeni, tunaupenda,
na huu uliozaa weupe ndani ya plastiki
kwenye gunia, chini ya kitanda changu.
Nikaufuta kwa upindo wa kanga.
Tukampigia fundi Masasi. "Deki?
Ya mwisho niliivunja mwenyewe, nikauza shaba."

Asumini akafungua kifuniko,
akavuta utepe kidogo, akaushika juani.
Mweusi. Ukitazama kwa macho hamna mtu mle.
Akauliza kama anadaiwa.

Ilikuwa imeishia mwisho, kama alivyoiacha aliyeiazima mwisho.
Basi tukakaa kizingitini, nikatia kidole kwenye gurudumu,
nikazungusha. Nikichoka ananipokea.
Wateja wawili walikuja kutoa pesa, nikawaambia mtandao hakuna.

Hatukuona kitu. Lakini kufika magharibi
teke lilikuwa limeshuka, vumbi limerudi ardhini,
mama yake amerudi nyuma, hatua kwa hatua,
mpaka mlangoni,
anafunga kanga kiunoni,
hajaanza.