Masafa Mamoja

Nilikuwa nashona kanzu Matrah,
ghorofa ya pili, juu ya duka la ndimu kavu.
Redio yangu ilivunjika antena,
nikaichomeka uma.

Uma ule ulinasa meli mbili.

Ya kwanza Redio Lulu, meli kuukuu ya kubebea saruji,
imetia nanga nje kidogo ya maji ya serikali;
mtangazaji wake Harub, sauti ya samli.
Miezi minne baadaye ikaja Redio Tufani,
ikatia nanga pale pale,
huyu anasikia harufu ya kitunguu cha yule.
Thuwaini huyo. Sauti kama kijiko kikikwangua sufuria.
Walisoma pamoja Unguja, dawati moja,
na sasa dawati lenyewe ni masafa,
hakuna anayetaka kusogea.

Harub: “Leo usiku, harusi ya binti Suwedi...”
Thuwaini, juu yake, bila kujua:
“...bei imeshuka, na haina miba.”
Mama alicheka hadi akavua meno,
akayaweka juu ya kawa.

Kisha wakaanza kujibizana kwa makusudi.
Tufani:
*Lulu yako ya dukani, plastiki haina bei.*
Na Lulu, kabla sijakata uzi:
*Na tufani yako feni, unyoya hausogei.*

Sokoni watu waligawanyika.
Muuza halua wa Lulu hakumuuzia mtu wa Tufani.
Meli zikaongeza nguvu za mitambo, hii leo, ile kesho,
mpaka Bi Raya, jirani, akaapa
kamsikia Thuwaini ndani ya birika.

Usiku mmoja wa Agosti, joto halina adabu,
Tufani ikakatika katikati ya tusi.
“Lulu yako ya—”
Mvumo.

Harub akangoja ajibiwe. Nilimsikia akingoja:
kiti, pumzi, kikombe kikiwekwa.
Halafu mtu wa mbali, nyuma yake, akapiga kelele: moto.

Akaanza kutaja namba.
Nyuzi ishirini na tatu, dakika kadhaa,
kwa Kiarabu, kwa Kiswahili, kwa Kibaluchi cha kubahatisha,
kwa yeyote mwenye boti.
Mimi nina nyuzi zangu mdomoni, sitemi, simezi.
Alikuwa anataja mahali pa Tufani.
Na aliyetaja pa Tufani
kataja pa Lulu.

Boti za polisi zilifika kabla ya adhana.
Walitolewa wote, Thuwaini kaungua mkono,
na Lulu ikapewa hadi saa sita ing'oe nanga.

Asubuhi hiyo Harub hakupiga muziki, hakusoma matangazo.
Alicheza kanda.
Kumbe alikuwa akizirekodi, miezi yote ile:
Thuwaini akimwita mbuzi,
Thuwaini akimwita tapeli wa dawati la nyuma,
Thuwaini akikohoa, akicheka tusi lake mwenyewe.
Moja baada ya nyingine. Hakujibu hata moja.

Saa sita uma haukunasa kitu.
Nikauchomoa, nikauosha,
nikalia
wali.